Tabu si kuruka, tabu ni kutua

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, sheha wetu, mama zetu wa mwani, na nyinyi vijana mliojaa mpaka madirishani, ahsanteni kwa kuja. Maneno haya yametayarishwa kwa watu wa Paje, Bwejuu na Jambiani, lakini wa Nungwi na wa Pemba nao yatawafaa. Upepo wetu ni mmoja.

Mlioomba mazungumzo haya ya kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege mmeuliza suala moja kuliko yote: "Mwavuli usipofunguka, jee?" Tulianze hilo tulimalize, maana likibaki kichwani hamtasikia jengine.

Begi la mrukaji lina miavuli miwili. Mmoja ni mkuu, wa pili ni wa akiba. Huo wa akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni, akaufunga kwa uzi na lakiri yake, akatia saini kwenye kadi. Kwa kanuni za Marekani, kila siku 180 lazima ufunguliwe, ukaguliwe na ukunjwe upya, hata kama haukuguswa. Humo humo begini mna kifaa kidogo cha kompyuta kinachopima shindikizo la hewa. Kikiona mtu amefika chini na bado anashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, kinakikata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba, nao unatoka bila ya mtu kuvuta kitu. Kwa mrukaji mzoefu hukata kwenye mita 225 hivi. Kwa wawili waliofungwa pamoja, mwanafunzi na mwalimu wake, hukata mapema zaidi, kwenye mita 580, kwa sababu wao ni wazito na mwavuli wao ni mkubwa, unataka nafasi ya kujaa.

Mwaka 2021 chama cha warukaji cha Marekani kilihesabu vifo 10 katika miruko ipatayo milioni 3.57. Na ukizisoma ripoti za ajali mwaka baada ya mwaka, utaona kuwa wengi wa wanaoumia, na sehemu kubwa ya wanaokufa, mwavuli wao ulikuwa wazi na mzima. Walikosea karibu na ardhi. Walipiga kona ya ghafla wakiwa chini, au walitua upepo ukiwa mgongoni, au walitanguliza mguu mmoja. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa hiyo hofu yenu hatuiondoi, tunaihamisha tu: itoeni kwenye mwavuli muiweke kwenye miguu, upepo na maji.

Njia za kuanza ni tatu. Ile mnayoiona zaidi ni ya kufungwa mbele ya mwalimu, wenyewe wanaiita tandemu. Maelezo yake huchukua kama nusu saa, kwa kuwa mwalimu ndiye mwenye kazi. Ya pili, kamba hufungwa ndani ya ndege na kuufungua mwavuli wako pale pale unapotoka, kama wafanyavyo askari wa miavuli. Unatoka kwenye futi 3,500 hivi na huporomoki kwa maana ya kuporomoka. Ya tatu unaruka na mwavuli wako mwenyewe, waalimu wawili wamekushika ubavuni, mmoja huku na mmoja huku, kutoka futi 10,000 na zaidi. Hiyo inataka kama siku nzima ya darasa kabla ya mruko wa mwanzo, na leseni ya mwanzo kabisa ya chama hicho cha Marekani inataka miruko 25. Akitokea mtu akakuahidi kukufanya mrukaji kamili kwa siku mbili, huyo anatafuta pesa yako.

Maoni yetu ni kuwa anayeanza aanze na tandemu, hata kama nia yake ni kufika mbali. Mruko wa kwanza kichwa hujaa, mtu husahau hata jina lake. Bora usahau ukiwa umefungwa na anayekumbuka.

Sasa tuje kwenye mwili, na hapa watu wa visiwani tuna jambo letu peke yetu. Wengi wenu mnazamia kwa mitungi, wengine kazini, wengine mnawapeleka wageni Mnemba au Misali. Ukizama na mtungi, naitrojeni huingia kwenye damu na nyama kwa sababu ya uzito wa maji juu yako, na hutoka pole pole baada ya kupanda. Ukipanda angani kabla haijatoka, shindikizo linapungua na naitrojeni ile inafanya mapovu ndani ya viungo, ndani ya uti wa mgongo, pengine. Mnajua chupa ya soda inavyofanya ukiifungua. Miongozo ya wazamiaji inasema usubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 baada ya mizamo mingi au ya siku mfululizo. Lakini saa hizo zimepigiwa hesabu ya ndege ya abiria, ambayo ndani yake hewa hufanywa iwe kama ya futi 8,000, si zaidi. Ndege ya warukaji hewa yake haifanywi hivyo, na inapanda futi 10,000, 12,000 na zaidi. Kwa hiyo kwetu hapa hesabu iwe saa 24 kamili, na zaidi ikiwa mzamo ulihitaji kusimama njiani ili kupunguza naitrojeni. Mwenye hamu ya yote mawili katika wiki moja aanze na anga, amalizie na bahari. Na mgeni wako akikuambia "nimezama jana jioni, kesho asubuhi naruka", mzuie, hata ukikosa ile kamisheni.

Mafua nayo si ya kupuuza. Kupanda huchukua robo saa au zaidi, na masikio hujisawazisha yenyewe. Kushuka unarudi mita 1,500 na zaidi ndani ya nusu dakika, na sikio lililoziba halina njia ya kuingiza hewa. Mwavuli ukishafunguka, bana pua, funga mdomo, puliza taratibu, au meza mate. Ukiona ukiwa chini tu huwezi kuyafungua, usiruke siku hiyo.

Kula kidogo, saa mbili kabla. Mwenye tumbo tupu hutapika kama mwenye tumbo lililojaa, na mwenye tumbo tupu huzimia pia. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani, mchana na saumu yako, jambo hili liache mpaka baada ya Idi.

Uzito mtu asiuone haya, maana mizani iko pale pale. Waendeshaji wengi huweka mpaka kwenye kilo 100 hivi, na sababu yake ni hesabu. Begi la tandemu lina kilo kama 25, mwalimu ana 80, na wewe ongeza zako. Vifaa vina kikomo chake kutoka kiwandani. Mzigo ukizidi, mporomoko unaongeza kasi, mshituko wa mwavuli kufunguka unakuwa mkali, na mguu unalipa wakati wa kutua. Goti bovu, bega linalochomoka, mgongo uliopasuliwa, ujauzito, kifafa, ugonjwa wa moyo, vyote vitajwe kabla ya kuvaa, siyo mlangoni pa ndege.

Mavazi: suruali inayoruhusu goti kupanda mpaka kifuani, na viatu vya kufunga kwa kamba. Makobazi na kandambili yanabaki chini. Kina dada, baibui halifai, kwa sababu upepo wa kilomita 200 kwa saa utalipandisha usoni pa mwalimu anayetakiwa kuona vishikio vyake. Vaeni suruali pana na fulana ya mikono mirefu, juu yake ovaroli, na ushungi wa kuvuta, usio na pini, uingie wote chini ya kofia. Na kwa kuwa mwalimu hukaa amekugusa mgongo mzima kwa dakika kadhaa, anayetaka mwalimu mwanamke aseme siku ya kuweka nafasi. Si kila pahala yupo, ila ukisema mapema unajua la kufanya. Juu kuna baridi pia: hewa hupoa karibu nyuzi 6 kila mita 1,000, hivyo nyuzi 30 za ufukweni ni kama 10 mlangoni.

Hanesi yako, yaani mikanda unayovalishwa, haina mwavuli. Inakufunga kwa mwalimu tu, kwa kulabu nne: mbili mabegani, mbili kiunoni. Mikanda ya mapaja ikae juu kabisa, kwenye mkunjo wa paja, na ibane kiasi cha kukufanya utembee kama bata. Ikilegea, mwavuli unapofunguka itateleza na kukuchubua, na wanaume wanajua ni wapi. Kulabu hukazwa ndani ya ndege, dakika chache kabla ya mlango kufunguliwa. Mwalimu mzuri hukuhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Asipohesabu, muulize. Hakuna mwalimu wa haki anayekasirika kwa suala hilo.

Ndege yenyewe pengine mnaijua. Zinazotumika sana duniani ni Cessna ndogo za watu wanne au watano, na ile Caravan yenye injini moja mbele, ndugu wa zile zinazokupelekeni Chake. Mlangoni unakaa ukingoni, miguu imekunjwa chini ya tumbo la ndege, kichwa nyuma kwenye bega la mwalimu, mikono imeshika mikanda kifuani. Usishike mlango. Mwanafunzi anayeshika mlango huwageuza wote wawili vibaya wakati wa kutoka.

Ukishatoka, sukuma kiuno mbele, kunja magoti, peleka nyayo nyuma baina ya miguu ya mwalimu, mwili uwe kama ndizi. Sababu ya umbo hilo ni kuwa tumbo likitangulia, hewa hukusawazisha. Ukijikunja kama mtoto mchanga, mnapinduka. Sekunde chache baadaye mwalimu hurusha kimwavuli kidogo cha breki. Bila ya hicho watu wawili pamoja hukaribia kilomita 300 kwa saa. Nacho hubaki kama 200. Wengi hudhani watasikia tumbo kupanda kama kwenye bembea. Kwa kawaida halipandi hivyo, kwa kuwa ndege tayari ilikuwa inakwenda zaidi ya kilomita 130 kwa saa, na wewe unabadilisha tu mwelekeo wa mwendo. Kinachosumbua ni pumzi. Ukihisi hupumui, piga kelele, maana huwezi kupiga kelele bila ya kupumua. Kutoka futi 10,000 mporomoko ni nusu dakika hivi; kutoka 13,000 unakaribia dakika moja.

Kwenye futi 5,000 na kitu mwavuli mkuu unafunguliwa, na ndani ya sekunde chache mwendo unashuka kutoka 200 mpaka kama 20. Kuna kitambaa cha mraba chenye matundu manne ya pembeni, kamba zote zinapita humo. Kinateleza kushuka taratibu na kuuzuia mwavuli usijae kwa mpigo mmoja. Bila ya kitambaa hicho, mshituko ungevunja mbavu. Baada ya hapo mna dakika 5 au 6 za kuelea. Ukihisi kichefuchefu, sema mara moja, aache kuzunguka.

Na sasa kutua.

Mwanafunzi yuko mbele na yuko chini zaidi kuliko mwalimu. Kwa hiyo nyayo zako zikigusa mchanga kabla ya zake, kifundo cha mguu wako kinabeba watu wawili, kisha mwalimu anakuangukia juu. Ndiyo maana utaambiwa unyanyue miguu, magoti juu, nyayo mbele, na mara nyingi mtatua kwa kukaa. Jaribuni nyumbani. Kaa kwenye kiti, nyosha miguu miwili mbele iwe sawa na kiuno, jisaidie kwa mikono chini ya mapaja, ihesabie mpaka kumi. Usipoweza ukiwa umetulia barazani, hutaweza na hofu. Mwambie mwalimu mapema, wapo wanaoshona kishikio kwenye ovaroli cha kuvutia magoti. Jaribio hili dogo lina maana kuliko video zote mtakazozitizama kwenye simu.

Anayeruka peke yake ana mzigo zaidi. Wakati wa kutua mwavuli huelekezwa uukabili upepo, ili mwendo wa upepo upunguze mwendo wako. Kwa kawaida mwanafunzi hupangiwa ngazi tatu: kwenye futi 1,000 anakwenda na upepo, kwenye 600 anakata kona, kwenye 300 anageuka kuukabili na habadilishi tena. Baada ya hapo, hata akiona anakwenda mrama kidogo, anarekebisha kwa upole. Kona kali chini ni kifo cha waliojiamini. Miguu kama mita 3 au 4 kutoka ardhini, anavuta vishikio vyote viwili vya kuongozea mwavuli mpaka chini. Akivuta mapema, mwavuli unasimama juu kisha unamdondosha. Akichelewa, anaipiga ardhi na mwendo wote. Miguu na magoti yawe pamoja, na akianguka aanguke kwa ubavu, kutoka nyayo, muundi, paja, nyonga, mpaka mgongo, asinyooshe mkono kuzuia. Mikono mingi imevunjika hivyo.

Upepo wenyewe mnaujua kuliko sisi. Ila jambo moja huenda hamjalipigia hesabu. Chama cha Marekani humwekea mwanafunzi anayeruka peke yake mpaka wa maili 14 kwa saa, kama kilomita 22. Huo ndio upepo unaowatoa watu wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, hapa Paje! Basi ufukwe ukijaa kaiti za rangi rangi, Juni mpaka Septemba kusi likivuma, mwanafunzi wa peke yake hana kazi angani. Tandemu inaweza kustahamili zaidi, kwa uamuzi wa mwalimu. Kaskazi nayo ina siku zake kali Januari. Kipindi cha maleleji, upepo unapobadilika, hewa huwa tulivu lakini ndipo masika na vuli huleta mawingu yenye radi, na wingu la radi haliangaliwi mara mbili.

Upepo ukipiga minazi au paa la hoteli, nyuma yake hewa hujikunja na kuzunguka kwa umbali wa mara 10 mpaka 20 ya urefu wa kizuizi. Mnazi wa mita 20 unaharibu hewa ya mita 200 mpaka 400 nyuma yake. Kusi linaingia Paje kutoka baharini, limenyooka. Tatizo liko upande wa kijijini. Kendwa mambo yanageuka, kwani kusi linafika pale likiwa limepita nchi kavu.

Mtasema basi tutue kwenye mchanga wa maji kupwa, pweke na peupe. Subirini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana, na kwetu hupwa asubuhi, saa ile ile ambayo upepo umetulia na warukaji wanaitaka. Ukiangalia kutoka juu unaona uwanja mkubwa. Ndani yake kuna vijiti vya mwani safu kwa safu na kamba zilizotandwa, na mama zetu wameinama kazini. Kijiti kimoja kinatosha kumtoboa mtu paja. Mwendeshaji yeyote anayetaka kutumia ufukwe akae kwanza na sheha na kamati ya wakulima wa mwani, wapange eneo lenye mipaka, na ajue jedwali la maji kama nahodha. Vibali vya anga hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Muungano, lakini kibali cha Dar es Salaam hakioni kijiti cha Jambiani.

Kwa anayelipa pesa, maswali ni machache. Omba kuona kadi ya mwavuli wa akiba na tarehe yake. Uliza mwalimu ana miruko mingapi. Kwa kanuni za Marekani, mwalimu wa tandemu lazima awe na angalau 500 na miaka mitatu katika mchezo. Uliza boti ya kuokolea iko wapi sasa hivi, iwe mbele ya macho, siyo "inakuja". Uliza kama bima yako inataja kuruka kwa mwavuli, kwani nyingi za safari huuondoa. Na uliza: mkiahirisha kwa upepo, pesa yangu jee? Mwendeshaji anayerejesha pesa au kukupa siku nyengine bila ya mzozo hana sababu ya kukurusha kwenye upepo mbaya. Suala hilo la pesa kwetu sisi lina uzito kuliko cheti kilichotundikwa ukutani.

Kuna aliyeandika kwenye karatasi: tukitumbukia baharini? Kwenye tandemu mwalimu ndiye anayefungua kulabu za chini na kukuambia la kufanya. Wewe hushiki kitu. Jaketi la kuelea livaliwe tangu ardhini. Anayeruka peke yake alegeze mkanda wa kifua akiwa bado juu, aukabili upepo, avute vishikio kama kawaida na avute pumzi. Asijifungue kabla miguu haijalowa, maana maji hudanganya jicho: unayoona mita 2 huenda ni 20. Akishaingia, afungue mikanda ya mapaja, atoke, aogelee mbali na kamba, upande unakotoka upepo. Mwavuli ukimfunika, aunyanyue kwa mkono apate hewa, ashike mshono mmoja na kuufuata mpaka ukingoni.

Vifaa visuuzwe siku ile ile kwa maji baridi mengi, maji ya kisima yasiyo na chumvi, mara mbili tatu, kwa sababu chumvi ikikauka inakuwa chembe zinazosaga nyuzi. Vikaushwe kivulini, siyo juani kama dagaa, kwani jua hulidhoofisha nailoni. Kile kifaa cha kompyuta kifanyiwe kama kitabu cha kiwanda kinavyosema. Na begi lile halipandi tena ndege mpaka fundi alipitie kamba kwa kamba, aukunje upya mwavuli wa akiba na kutia saini tarehe mpya kwenye kadi.